Matuta Kumi na Moja

Esha Nandonde alipoambiwa ana matuta kumi na moja, alicheka.

"Kumi na moja?" akasema. "Aliyekwambia hajafika shambani kwangu. Ya mihogo peke yake ni mia mbili na kumi. Twende ukahesabu mwenyewe, mwanangu, miguu yako bado ina nguvu."

Wanawake waliokaa kwenye benchi nyuma yake wakacheka naye. Somoe Likunda, mhakiki wa Ofisi ya Hati za Kukeni, hakucheka. Alikuwa bado ameinamia lenzi, sindano mkononi, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuhesabu.

"Mama, sisemi matuta ya shamba. Nasema ya kidole. Hii mistari hapa."

Esha akakisogeza kidole gumba chake karibu na macho, akakigeuza huku na huku. "Hii ndiyo mnaita matuta? Basi mmekosea jina. Tuta unalilima. Hii nimezaliwa nayo."

"Ndiyo, mama. Lakini ndiyo yanayohesabiwa."

Mambo yalikuwa hivi. Ardhi ya tambarare ile, tangu enzi za mababu, hufuata upande wa kukeni: mama humwachia binti, binti humwachia binti yake. Kampuni za mashamba makubwa zilipokuja, ziliwatafuta wanaume wenye kalamu nyepesi, na kila mwanaume alitia sahihi juu ya kitu ambacho hakikuwa chake. Ndipo ikatungwa sheria kwamba hati atapewa mwanamke wa ukoo tu, na isiuzwe. Sheria nzuri kabisa. Ila siku hizo mtu aliweza kuazima sura ya dada yake kwa barakoa isiyoonekana ukingo, akaazima na sauti, akaingia ofisini akaondoka na hati. Sura haikuwa ushahidi tena, wala sauti. Kilichobaki ni kidole.

Mashine iliitwa Mizani. Ilipiga mraba wa milimita tano kwa tano juu ya kidole gumba cha kulia, ikahesabu matuta yaliyomo. Kwa kawaida ya mwanamke ni membamba na mengi, ya mwanamume ni manene na machache. Maneno hayo mawili, "kwa kawaida", yalikuwamo kwenye rasimu ya sheria, yakapotea njiani kabla ya mhuri. Wataalamu walijaribu pia kutazama maumbo ya mistari hiyo, kwa kuwa wanaume huzidi kidogo kwa mizunguko na wanawake kwa pinde, lakini tofauti ilikuwa ndogo mno kumvua mtu shamba lake, wakaachana nayo. Matuta wakayaamini. Kumi na tatu kwenda juu, mwanamke. Kumi na moja kushuka chini, mwanamume. Aliyepata kumi na mbili alipelekwa kwa mhakiki ahesabiwe kwa mkono.

Mizani ilikuwa imempa Esha kumi na mbili. Somoe, kwa lenzi na sindano, alikuwa amempunguzia moja.

Na alijua sababu. Kidole kilikuwa cheusi kwenye mikunjo, kigumu, kinang'aa. Mahali pengine matuta mawili yalikuwa yameungana yakawa moja, namna ngozi inavyopona ikiungua mara nyingi. Esha alikuwa amebangua korosho miaka arobaini na miwili, na ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Kila mtoto wa tambarare anajua hilo kabla hajajua kusoma.

Somoe akaandika kwenye kioo cha Mizani, sehemu ya sababu: ngozi imeungua kwa mafuta ya ganda, matuta yameungana. Jibu lilikuja kabla hajaondoa mkono.

WABANGUAJI 300 WAMO KWENYE SAMPULI. WASTANI WAO: MATUTA 15. SABABU IMEKATALIWA.

Chini yake, kwa maandishi madogo: Sampuli ilikusanywa na S. Likunda.

Ilikuwa miaka ishirini na miwili tangu alipoliona jina lake limeandikwa vile.

"Unanitazama hivyo, kumbe umenikumbuka," Esha akasema, uso ukamchangamka. "Mimi nimekujua tangu mlangoni. Si wewe uliyekuja ghalani kwetu na kadi na wino wa buluu? Msichana mwembamba hivi. Nikaweka kidole, kikatoka doa tu. Ukaniambia, nenda kanawe mikono, urudi." Akawageukia wenzake wa benchi. "Mnaona? Ananijua huyu. Muulizeni kama nilikuwa mwanamume siku ile."

Somoe alimkumbuka. Si sura yake, ila mikono ile, na foleni ndefu ya mikono kama ile. Wakati huo alikuwa na mimba changa, na moshi wa maganda yanayokaangwa ulimtapisha mara nne asubuhi hiyo. Vidole havikutoka kwenye kadi, kimoja baada ya kingine. Akawaambia wote wakanawe, akapanda gari, akashuka mjini kwenye chuo cha wauguzi. Kwa siku mbili alijaza kadi mia tatu kwa vidole safi vya wanafunzi. Kadi hazikuwa na majina, zilikuwa na namba na kazi. Kwenye kazi aliandika: mbanguaji.

Kwa hiyo Mizani haikuwahi kumwona mbanguaji hata mmoja. Ilianzia kazi mjini, ikaenda mabondeni, na sasa, mwisho kabisa, ilikuwa imefika zamu ya vijiji vya korosho. Esha alikuwa wa kwanza. Benchi lilikuwa limejaa.

"Mama, una mabinti wangapi?" Somoe akauliza, ingawa faili lilikuwa mbele yake.

"Wanne, na wajukuu saba. Kwani vipi?"

Mtu aliyejiita mwanamke na Mizani ikasema mwanamume alikuwa mwizi wa jina, na jina alilotumia lilifutwa. Na kwa kuwa mtoto hufuata ukoo wa mama, waliomwita mama walibaki hawana ukoo wala mahali pa kulima. Somoe alimweleza hayo polepole. Cheko la benchi lilikuwa limekwisha zamani.

"Unaweza kukata rufaa," alimalizia. "Una siku ishirini na moja."

"Nikate kwa nani? Si wewe ndiye unayenijua?"

*

Msimamizi wa ofisi, Bwana Rweyongeza, alitoka kaskazini ya mbali, na kwa miaka sita hakuwa amezoea joto wala pilipili za huku. Alikuwa mtu mwema. Somoe alimkuta anakula chungwa juu ya meza yenye mafaili.

"Tuseme sampuli ina kasoro," Somoe akasema.

"Kasoro ya kuumwa kichwa au kasoro ya kuzikwa?"

"Tuseme wabanguaji hawakupimwa sawasawa."

Rweyongeza akaliweka chungwa chini. Alinyanyuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Dada Somoe, hati elfu kumi na moja zimetolewa kwa sampuli hiyo. Kampuni ina mawakili wanane hapo mjini, wanaamka, wanakunywa chai, wanasubiri. Wanachosubiri ni maelezo ya mhakiki mmoja, yametiwa kidole, kwamba Mizani ilijengwa vibaya. Siku hiyohiyo mahakama inasimamisha hati zote. Zote. Na wanaume wenye kalamu wapo bado." Akamtazama. "Una maelezo ya namna hiyo?"

Somoe akafungua kinywa. Akawaza kina mama elfu kumi na moja, baadhi yao aliwapa hati kwa mkono wake, wengine walilia wakambusu kiganja. Akamwaza Esha na mabinti wanne. Akawaza na jambo la tatu, ambalo aliona aibu kuliwaza: kwamba binti yake Hasnati, yule wa mimba ile ya kutapika, sasa naye ana mimba ya miezi saba, na angesoma gazetini mama yake alifanya nini.

"Sina," akasema.

"Vizuri," Rweyongeza akasema, na hakulimaliza chungwa.

Wazo lilimjia akiwa anafunga lenzi jioni. Kila asubuhi mhakiki hufungua lenzi kwa kidole chake, na kila asubuhi Mizani huandika: Somoe Likunda, matuta kumi na tano. Je, kidole hichohicho kikibangua korosho? Asubuhi hii kumi na tano, baada ya wiki tatu kumi na mbili au kumi na moja, mtu yuleyule. Nani atabisha? Baraza la rufaa litaona kwa macho kwamba mafuta ya ganda yanakula matuta. Esha atapona, na wenzake wote wa benchi, na hakuna atakayeuliza habari za kadi.

Lilikuwa wazo zuri. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, kwamba lilimruhusu aendelee kunyamaza, na huenda ndiyo maana alilipenda.

*

Ghala la wabanguaji lilikuwa na bati lilelile. Mashine za mjini zilibangua korosho nzima nzima siku hizi, lakini korosho ndogo na zilizopinda bado zililetwa hapa, kwa kuwa hakuna mashine iliyokuwa na subira ya mwanamke mwenye kijiti na nyundo. Esha alimtengea Somoe nafasi kwenye mkeka wake, akamsogezea kibakuli cha jivu.

"Paka mikono."

"Sipaki, mama."

"Utaungua."

"Najua."

Esha akakirudisha kibakuli kando. "Unatafuta nini humu, mwanangu?"

"Natafuta ushahidi wako."

Hilo lilikuwa kweli, na Esha aliridhika nalo, akaanza kumfundisha. Ukigonga kwa hasira kokwa inavunjika. Ukigonga kwa woga ganda linakutemea. Somoe aligonga kwa hasira na kwa woga kwa zamu. Siku ya nne malengelenge yalimtoka. Siku ya saba ngozi ilianza kubanduka vipande vipande, na chini yake pakawa pekundu, na juu ya wekundu huo akaendelea kubangua. Alilia mchana kweupe mbele za watu, na hakuna aliyemshangaa. Wote waliwahi kulia mwanzo.

Jambo moja alilifanya kwa akili. Mizani ina kazi mbili: kwanza inamjua mtu ni nani, halafu inahesabu matuta yake. Ili imjue, alifunika ncha ya kidole kwa plasta, ibaki na alama zake za zamani, na akaacha katikati iungue. Kila asubuhi alibadilisha plasta kwa uangalifu mkubwa.

Siku ya kumi na tano Hasnati alipiga simu. "Mama, ofisini wanasema uko likizo. Likizo gani ya kubangua korosho? Nani atanipokelea mtoto na mikono hiyo?"

"Itapona, mama yangu. Miezi michache tu."

"Unamsaidia nani huko?"

"Mtu niliyemkosea."

"Basi muombe radhi urudi nyumbani," Hasnati akasema, akidhani jambo lenyewe ni dogo.

Mchana huo, wakati wa kupumzika, Esha alikuwa akisafisha mikono kwa ndimu. "Siku ile nilirudi, unajua," akasema, bila kinyongo chochote. "Nilinawa kwa jivu na ndimu mpaka damu ikatoka. Nilirudi mbio. Nikakuta vumbi la gari tu. Nikasema, labda msichana wa watu amepata dharura."

"Mama," Somoe akasema.

"Ee?"

Nyundo zilikuwa zimenyamaza ghala zima. Ilikuwa nafasi nzuri, na Somoe aliiona ikipita. "Nipe na mimi ndimu," akasema.

*

Baraza la rufaa lilikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu, na mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mkali, mwenye sifa ya haki. Esha alikaa kando na mabinti zake wanne, wote wamevaa kanga za namna moja, sare ya siku kubwa. Rweyongeza alisimama ukutani. Somoe alieleza vizuri. Alieleza mafuta ya ganda, kuungana kwa matuta, wiki tatu za ghalani. Kisha akabandua plasta, akaweka kidole juu ya kioo.

Mafuta ya ganda yalikuwa yamepita chini ya plasta. Pengine siku ya tatu, pengine ya kumi. Alikuwa ameona wekundu kwenye ncha, akajiambia ni jasho.

Mizani haikusema kwamba Somoe Likunda amebadilika.

HATAMBULIKI, iliandika. MATUTA 11. MWANAMUME. AMETUMIA JINA LA MHAKIKI.

Mwenyekiti akavua miwani, akainuka, akamkaribia Somoe na kuutazama uso wake, kando ya masikio, chini ya kidevu, akitafuta ukingo wa barakoa. Hakuupata, lakini siku hizo kutouona hakukuwa na maana yoyote.

"Bwana Rweyongeza," Somoe akasema. "Waambie."

Rweyongeza alikuja mpaka karibu yake. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Najua ni wewe," akanong'ona. "Nimekula nawe chakula miaka sita. Lakini kusema ninakujua kwa sura ni kosa la jinai, na mimi pia nina kidole kimoja tu."

Rufaa ya Esha Nandonde ilikataliwa kwa dakika mbili, kwa sababu shahidi wake alikuwa mwizi wa jina. Binti mkubwa wa Esha alianza kupiga kelele, wadogo zake wakamshika.

Waliofutwa walisubiri karatasi zao nje, kwenye benchi lililoandikwa WANAUME. Lilikuwa limejaa wanawake wa ghalani. Kwa wiki tatu ambazo Somoe alikuwa akiunguza kidole, ofisi haikusimama, na waliokuwa nyuma ya Esha walikuwa wamepimwa mmoja mmoja. Esha alimwona amesimama, akasogea.

"Sogeeni," akawaambia wenzake. "Kaka mgeni huyo, mpisheni akae."

Wawili watatu walicheka, kwa shida. Somoe akakaa. Simu yake ikatetemeka mfukoni, na ilimchukua muda kuifungua, maana nayo ilifunguliwa kwa kidole, ikamlazimu kubonyeza namba ya siri. Ulikuwa ujumbe wa Hasnati.

"Mama kuna barua imeingia kwenye simu yangu sasa hivi kutoka ofisini kwenu. Wanasema sina mama. Wanasema mtoto akizaliwa aandikwe hana ukoo. Ni makosa ya mashine au? Nipigie."

Somoe aliusoma mara mbili. Kisha, hapo kwenye benchi, akamweleza Esha yote: mimba, moshi, gari, chuo cha wauguzi, kadi mia tatu. Hakupunguza kitu. Wanawake wengine walisikia. Mmoja akatema chini.

Esha aliweka mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo hukupata dharura," akasema.

"Sikupata, mama. Nilichoka tu."

"Na ukisema sasa?"

"Mizani itasimamishwa. Majina yetu yatarudi. Lakini hati za wale wengine zote zitabaki bila kinga, kampuni itaingia. Elfu kumi na moja."

Somoe alitaka aambiwe aseme, au aambiwe anyamaze. Alilitaka hilo kwa moyo wake wote. Esha akatikisa kichwa.

"Sijui, mwanangu. Hilo ni lako, usinitwishe. Mimi langu lilikuwa kunawa, nikanawa."

Somoe akainuka. Kutoka kwenye benchi mpaka kwenye dirisha lake la zamani ni hatua kama ishirini, na safari hii hakusita hata moja. Kwenye kiti chake alikaa mwanamke aliyeletwa kutoka mjini, Adelina, mwenye sauti laini na kucha safi. Lenzi ya Somoe ilikuwa mbele yake, na sindano ya Somoe.

"Nataka kuandikisha maelezo," Somoe akasema. "Kuhusu sampuli ya wabanguaji. Ilikuwa ya uongo. Niliitunga mimi."

Adelina aliacha kuandika. Alionekana ameshtuka kweli, na kwa uungwana wake wote akasogeza kioo dirishani. "Hilo ni jambo zito. Maelezo hupokelewa kwa kidole, unajua. Weka hapa."

Somoe akaweka. Wakasubiri wote wawili. Adelina akatazama kioo, akatazama kidole chake, kile cheusi chenye kung'aa, akakunja uso kwa huruma.

"Hakisomeki," akasema. "Naona ulikuwa kwenye korosho. Nenda kanawe mikono, urudi."